Anayecheza kwa Jina Lako

Prof,

Jumapili, nilipotoka kanisani, nilifungua simu kabla hata ya kuvua viatu, na jina lako la mchezo wa simu lilikuwa limewaka kijani. Mboto wa Tshopo yuko mchezoni. Nilikaa kitandani na viatu vyangu, nikalitazama mpaka likazimika lenyewe.

Tulikuzika wiki ile ya baada ya Pasaka. Niliona sanduku likishuka, na udongo nilitupa kwa mkono wangu. Kwa hiyo usidhani nilipiga vigelegele.

Leo ni Ijumaa, mchana. Nakuandikia juu ya meza ya kukatia vitambaa, kwa kalamu, kwenye karatasi ninazochorea mitindo ya magauni, kwa sababu simu siiamini tena. Ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati, ule ukungu wa Butembo uliokuwa ukiutukana kila ulipopanda kutoka Beni, ukivaa sweta juu ya sweta na kusema Wanande tulikosa mahali pengine duniani mpaka tukaja kujenga ndani ya friji. Duka nimelifunga. Nangoja pikipiki ya Katembo irudi kutoka Kalunguta, na kungoja bila kazi mikononi kunanitia wazimu. Basi nikusimulie. Nianze na mazuri, maana mabaya yako hapa hapa na hayana haraka.

Unaikumbuka suruali? Serikali ilikuwa imekutoa Kisangani ikakutuma kufundisha jiografia Beni, huko mtaa wa Ruwenzori, na likizo yako ya kwanza ukapanda Butembo kutembea. Ukaleta suruali ifupishwe. Nikakwambia ungoje. Wewe na kungoja! Ukatoa mfukoni dadu zako zile za pande nyingi, alizokuletea rafiki aliyekwenda Kampala, ukazimwaga katikati ya chaki na sindano zangu, ukasema: "Uko mbele ya daraja ya kamba. Kamba moja imekatika. Chini iko mamba. Unafanya nini?" Nikajibu kwamba nina uzi na sindano, nitaishona. Nilitaka tu unyamaze nifanye kazi. Ukarusha dadu, ukainama kuzitazama, ukanyanyua uso umejaa heshima: "Umeishona, Fundi. Pita." Na mimi, mtu mzima mwenye wateja, nikasisimka mwili mzima kwa kuvuka daraja ambalo halipo. Suruali yako siku ile niliikata mguu mmoja mfupi kuliko mwingine. Uliivaa hivyo hivyo.

Baada ya pale hukuniita tena Kahindo. Nilikuwa Fundi, na kazi yangu ilikuwa kushona nchi zako: vitambaa vilivyobaki vya wateja vikawa misitu, milima na mito, na mto wenu wa Kisangani lazima uwe mpana kuliko yote, hata ukila nusu ya ramani. Uliniambia kuna miji ya mbali ambako watu hujaza kumbi, watu wazima wenye mabawa na mataji, wanacheza tangu asubuhi na hakuna anayewauliza kama wamekosa kazi ya kufanya. Ulinionyesha video. Ukasema na sisi tutafanya ya kwetu. Nikacheka. Tukaifanya.

Siku ya Meza. Kila likizo ya shule, ndani ya ukumbi wa kanisa la Pasta. Meza za shule ya Jumapili zimepangwa, ramani zangu zimetandikwa, vifuniko vya chupa ndio wanakijiji na maharage ndio jeshi. Wale wa Beni walifika na vumbi mpaka kwenye nyusi, wale wa Manguredjipa na tope mpaka magotini. Adjida, askari aliyeletwa huku kutoka Équateur, alikuja bila sare, akiwa amevaa joho nililomshonea kwa pazia la zamani, na hakutaka kucheza mtu mwingine ila mganga anayefunga majeraha. Katikati ya mchezo mmoja na mwingine kulikuwa na maandazi na juisi ya maracuja. Wenye simu nzuri walijibanza pembeni kwenye ule mchezo wa simu wa kujenga kijiji na kukilinda, ambamo sote tulikuwa ukoo mmoja na wewe chifu wetu, Mboto wa Tshopo, kwa heshima ya samaki wa mto wenu ambao hukuacha kutuambia kwamba sisi wa milimani bado hatujala samaki. Nilikuwa na furaha, Prof. Nalisema bila kulipamba. Huku kwetu hofu ni nyingi, na siku ile moja tulikuwa tunaogopa vitu vya kubuni tu.

Nakumbuka pia Pasta alivyoingia mara ya kwanza. Mashemasi walikuwa wamemwambia kwamba dadu ni kamari, na kama si kamari basi ni mashetani. Akaja kuona kwa macho yake. Na wewe, mkorofi, ukamkalisha na kumpa acheze mwizi. Ukamweka ndani ya duka la dhahabu, mwenye duka amesinzia, mlango uko wazi. Pasta akafikiri mpaka jasho likamtoka, akasema: "Miye hapana kuiba. Mais naweza kumuamusha nimuulize bei?" Tulicheka mpaka watu wakachungulia madirishani. Wewe ukamwambia huu ni mchezo tu: "Pasta, ndani ya jeu uongo haiko zambi." Naye akakujibu kwa upole: "Kwangu iko." Lakini ufunguo wa ukumbi alikupa, na kila likizo alirudi kucheza mwizi yule yule anayelipa kila kitu. Mashemasi hawajamsamehe hadi leo.

Sasa yale mengine.

Pasaka hii uliondoka kabla ya wenzako wa Beni, kwa sababu ulitaka kusahihisha mitihani. Nilikwambia ungoje mwende wengi. Ukasema barabara ni ya mchana na mchana ni wa Mungu. Tulikupata kwenye kona iliyo baada ya Kalunguta, walikowavizia, au niseme wanawake waliokuwa wanakwenda mashambani ndio waliokupata, wewe na yule dereva wa pikipiki ambaye hata jina lake tulilijua kwa mama yake. Sitaandika nilichokiona. Mfuko wako ulirudi: sweta zako, dadu, chaki. Simu haikurudi. Tulisema ni simu tu, mtu amekwenda na sisi tunauliza simu? Tena haikuwa na neno la siri. Ulikuwa unasema mwalimu hana cha kuficha zaidi ya njaa.

Kaka yako alipiga kutoka Kisangani. Ndege hakuweza, barabara hakuna. Alilia, nikalia, halafu akasema neno ambalo tulilishika sote: "Musimutoe kati yenu. Matanga ya ndugu yangu ni miye mwenyewe nitakuja kuondoa." Unajua kwetu. Mtu ambaye matanga yake hayajaondolewa bado yumo nyumbani. Mahali pake hapakaliwi. Kwa hiyo kiti chako tulikiacha kwenye meza, na kwenye kundi letu la simu hakuna aliyethubutu kukutoa. Nani angebonyeza? Mimi ndiye niliyebaki mkubwa wa kundi, na kidole changu hakikuwa na nguvu hiyo. Kukutoa kabla ya kaka yako kufika kungekuwa kukuburuta nje kwa miguu. Tukaacha namba yako pale, kimya, na wengine walikuwa wanakusalimia bado. Usiku mwema wote, usiku mwema Prof.

Unajua kundi la simu lilivyo: zile alama mbili chini ya ujumbe hazigeuki bluu mpaka wote wamesoma. Tangu ulipokufa hazikuwahi kugeuka. Kila tulichoandika kilibaki na alama za kijivu, na mimi nilizizoea. Nilikuwa naziangalia na kujisemea, ndiyo, Prof hajasoma. Ilikuwa namna yangu ya kukumbuka kwamba haupo.

Likizo kubwa ilipokaribia, tuliamua kwamba Siku ya Meza itafanyika, ya kwanza bila wewe. Tukapanga vyote kwenye kundi kama ulivyotuzoeza, maana wewe ndiye uliyekuwa unasema mpango usioandikwa ni maombi. Tukaandika siku, kesho Jumamosi. Tukaandika ukumbi. Tukaandika wale wa Beni watatoka saa ngapi, pikipiki ngapi, nani amembeba nani, na kwamba watapumzika Kalunguta kwa mama yake Katembo, ambaye atawapikia sombe. Katembo unamjua, yule motari wetu, dereva wa pikipiki ambaye hata kwenye mchezo hakuingia mlango bila kuuzunguka kwanza. Yeye ndiye aliyeandika njia yote, kona kwa kona.

Jumapili, jina lako likawaka. Jumatatu asubuhi nilifungua kundi, na alama zote zilikuwa bluu.

Kwanza nilifanya ujinga ambao ungenicheka. Nilikifuta kioo cha simu kwa kanga, nikidhani ni mwanga. Halafu nikapanda juu kwenye ujumbe wa juzi, wa wiki nyuma, wa sombe, wa pikipiki. Bluu. Bluu. Mtu alikuwa amekaa mahali na simu yako mkononi, akatusoma sote.

Kwenye kundi wakaanza. Mmoja akaandika kwamba ni roho yako imekuja kuaga. Mwingine akaandika zaburi. Mwingine akasema labda ni kijana amenunua simu sokoni Beni, hajui hata ni ya nani, na mimi nililishika neno hilo kwa mikono miwili kwa sababu nililihitaji. Nikaingia kwenye mchezo wa simu kuangalia kijiji chako. Wewe ulikuwa mtu wa kuta, Prof. Ukuta nyuma ya ukuta, tukikucheka kwamba huna nafasi ya kulima. Kuta zote zilikuwa zimeuzwa. Badala yake kulikuwa na askari, kijiji kizima ni askari, hakuna hata shamba. Nikasema moyoni, ni mtoto tu, watoto ndivyo wanavyocheza.

Jumanne, kwenye mazungumzo ya ukoo wetu, jina lako likauliza habari za Jumamosi: "Siku ya posho niko nakuya pia. Mutapita saa ngapi pa Kalunguta?"

Kijana wa sokoni hawezi kuuliza hivyo. Mtu aliyenunua simu hana shida na saa tutakayopita Kalunguta.

Jumatano tukakutana ukumbini, tulioweza, na Pasta akaweka kikapu cha sadaka mlangoni ili kila mtu aache simu yake humo kabla ya kuingia. Tulikaa kuzunguka meza yetu, kiti chako kitupu, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyekitazama. Adjida ndiye aliyeanza. Hakuwa na joho lake siku hiyo, alikuja na sare na bunduki, akaiegemeza ukutani chini ya picha ya Mchungaji Mwema. Akasema: "Fundi, tika ye. Acha abakie mu groupe. Mumuandikie saa ile ile, njia ile ile. Miye na benzangu tutakuwa kule mbele yake." Tika ye, yaani mwache tu. Alisema kwa sauti ya mtu anayekuomba kijiko. Na nitakwambia ukweli, nilitaka. Nilitaka sana. Nilikuona tena pale kando ya barabara, na nikataka mtu fulani naye alale pale.

Katembo ndiye aliyeniamsha. Akasema Jumamosi ni siku ya soko. Wanawake wa Kalunguta wanapita kona ile na ndizi na maharage mgongoni tangu kunapambazuka, mama yake akiwa mmoja wao. Akauliza risasi zikianza zitawatambuaje. Adjida akatazama mikono yake mikubwa ya mganga, na mwishoni akasema basi, hiyo si kazi ya kucheza, atapeleka neno kwa wakubwa zake na wao wataona. Alipeleka. Wakubwa wakasema wataona.

Tukaamua hivi: hakuna atakayepita barabara kesho. Beni watacheza Beni, sisi tutacheza hapa. Neno liende kwa mdomo tu, kwa watu wenyewe, si kwa simu. Na wewe utoke.

Pasta akasema matanga yako ataondoa yeye, maana kaka yako yuko mbali na hatari iko karibu. Tulisimama. Akaomba, kifupi. Akakunja kiti chako mwenyewe na kukiweka pamoja na vingine, kwenye safu, na hata sasa nikiingia siwezi kukijua ni kipi. Halafu akanitolea simu yangu kikapuni, akanipa. Nilibonyeza. Kundi likaandika kwamba Fundi amemtoa Prof. Hivyo tu. Nilikaa sakafuni, wakaniacha nikae.

Lakini unaiona shida, wewe uliyefundisha jiografia. Tulikuwa tumekutoa, na aliyoyasoma hatukuweza kuyatoa kichwani mwake. Siku anaijua, kona anaijua, saa anaijua. Sisi hatutapita, lakini soko litapita.

Jana Katembo alizunguka Kalunguta nzima. Alikwenda kwa wachifu, kwa wanawake, kwa wabeba makaa, akiwaambia kesho kutwa asubuhi msipite, mungoje mpaka jua lipande. Wakamuuliza umejuaje. Naye Katembo hawezi kusema uongo wa maana, akawaambia ukweli: kwenye mchezo wa simu kuna mtu anacheza kwa jina la marehemu. Alirudi kwangu na uso umezeeka. "Banacheka, Fundi. Banasema nimelewa. Banasema, jeu njo inakuambiaka mambo ya barabara?" Hata mama yake amekwisha kufunga mzigo wa ndizi. Wamechoka na habari za hatari, Prof. Kila wiki mtu anawaambia wasilime, wasiuze, wasitoke, na watoto wanakula kila siku.

Tukaenda kwa Pasta, mimi na Katembo, jioni kabla ya giza. Mimi ndiye niliyesema, na sijui nilipata wapi mdomo huo. Nikamwambia: Pasta, wewe wanakuamini. Ukiwaambia mambo ya simu watakucheka nawe. Waambie Mungu amekuonyesha. Waambie umeota barabara. Hakuna mwanamke wa Kalunguta atakayebeba ndizi juu ya ndoto ya Pasta.

Alikuwa anamenya viazi pamoja na mkewe. Aliendelea kumenya. Nilidhani hakunisikia. Kisha akasema: "Kutumia jina la Mungu, Fundi? Kwa uongo?" Ungekuwapo wewe ungepata jibu, ungemchekesha kidogo halafu ungempa dadu. Mimi nilisimama tu na machozi. Katembo akasema jambo moja, kwamba mama yake anaitwa kwa jina la mama yake Pasta. Pasta akatuambia twende tukalale.

Leo asubuhi alikuja mwenyewe mlangoni kwangu, amevaa suti ya ibada na kofia ya pikipiki ya Katembo. Aliinua mkono, akapanda nyuma ya Katembo, wakaondoka kwenye ukungu kuelekea Kalunguta.

Mimi nikafungua duka kwa sababu sikujua la kufanya. Nikaweka uzi kwenye mashine. Na pale simu ikalia, ujumbe kwangu mimi, peke yangu, kutoka namba yako, na picha yako ile ya kucheka na jino la pembeni.

"Fundi Butembo, sababu gani munanifukuza? Duka yako niko naijua."

Nilielewa mara moja. Ndivyo ulivyoandika jina langu ndani ya simu yako, Fundi Butembo. Na picha ile uliyonipiga mbele ya duka, nimeinua ramani ya mto wako mbele ya kibao changu, imo humo pia. Ana jina langu, ana mji wangu, ana mlango wangu. Nimefunga mlango, nimeshusha pazia, nimekaa nyuma ya mashine. Kila pikipiki inayopunguza mwendo hapa nje, mikono yangu inasimama.

Ngoja. Kuna mtu anabisha.

Ni Katembo. Amekaa, amekunywa maji yote ya jagi, sasa anasinzia kwenye kiti cha wateja na miguu yake mirefu imeziba njia. Amenisimulia. Pasta alikusanya watu mbele ya kanisa dogo la Kalunguta. Alifungua Biblia, akaifunga, akaifungua tena, mpaka watu wakaanza kuguna. Halafu akawaambia ameota. Akawaeleza kona, mti ulioanguka pale, vitambaa vya wanawake barabarani, ndizi zimemwagika, na Katembo anasema alieleza kwa namna ambayo hata yeye, anayejua ukweli, nywele zilimsimama. Wanawake wakaanza kulia. Mama yake Katembo akafungua mzigo wake pale pale. Kesho hakuna atakayepita mpaka mchana, wameapa, na wametuma watoto kwenye vijiji vya pembeni kupeleka ndoto ya Pasta.

Kisha wakarudi. Pasta aliposhuka mbele ya kanisa lake hakuingia. Katembo amemwacha amekaa kwenye ngazi, kofia ya pikipiki bado kichwani, na alipomuuliza kama anataka kusindikizwa nyumbani, alijibu: "Nilikuwa naona kila kitu wakati nasema. Njo maana naogopa." Nikimaliza barua hii nitakwenda kukaa naye.

Kesho sijui itakuwaje. Labda hakuna mtu kwenye ile kona na sisi tutaitwa wendawazimu mpaka likizo nyingine. Naomba iwe hivyo. Nimekubali kuitwa mwendawazimu. Meza zitapangwa hapa, meza zitapangwa Beni, na Adjida amesema atakaa mlangoni kwetu na bunduki yake, hatacheza. Mimi nitalala kwa dada yangu kuanzia leo. Kaka yako nitampigia kwa simu ya dada, nitamwambia matanga yake tuliyachukua bila ruhusa. Atanitukana. Ana haki.

Lakini kuna jambo moja sijamwambia yeyote, wala Pasta. Nakwambia wewe.

Baada ya ule ujumbe, kabla ya kufunga mlango, nilianza kujibu. Vidole vilikwenda vyenyewe. Sikuandika tusi. Sikumuuliza yeye ni nani wala anataka nini. Niliandika: alisema nini mwisho? Kwa sababu kama huyo ndiye, alikuwa pale. Kama huyo ndiye, ulimtazama. Huenda uliita mtu, huenda uliomba, huenda ulifanya mzaha wako mmoja, unajua wewe. Duniani kote hakuna mwingine anayeweza kuniambia. Swali lilikuwa limekaa pale kwenye kioo, tayari, na yeye alikuwa mtandaoni anangoja, jina lako la kijani, picha yako ya kucheka.

Nililifuta, herufi kwa herufi. Halafu nikaifunga namba yako isinifikie tena kamwe, na nilipokuwa naifunga nililia kwa sauti mpaka jirani akagonga ukuta.

Hii ndiyo ahadi yangu, Prof. Sitamuuliza. Hata akinitafuta kwa namba nyingine, hata akijifunza kuniita kama ulivyoniita, hata akisema yuko tayari kunieleza. Nitaishi bila kulijua neno lako la mwisho, nitazeeka bila kulijua.

Lala salama, mtu wa mtoni. Ardhi yetu ni ya baridi, nisamehe.

Kahindo, Fundi wako